Fundi Kushoto

Kila siku akitoka shule, Wegesa alipitia gereji ya baba yake pale mtaa wa Mukendo. Alitundika begi kwenye msumari, akavaa koti la kazi lililomfika magotini, kisha akasubiri kuitwa. Alikuwa darasa la sita, na kazi yake haikuwa kufagia wala kushika taa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Gari linalogonga likiletwa, Mseti, baba yake, aliliendesha polepole kuzunguka uwanja, na Wegesa akatembea pembeni kichwa kimeinama. Kisha akasema ugonjwa uko wapi, na mara nyingi alipatia. Wateja walimwita Sikio. Mseti naye alijigamba, "Wengine wananunuaga mashine za kupimia. Mimi yangu nimeizaa."

Kumbe tangu Pasaka sikio la kulia la mashine hiyo lilikuwa bovu. Wegesa alikuwa amekwenda kuogelea ziwani, maji yakamwingia sikioni, akalichokonoa kwa njiti ya kiberiti. Likauma, likatoa usaha, mwisho likanyamaza kabisa. Hakumwambia mtu. Darasani kwao kulikuwa na msichana asiyesikia vizuri, na Wegesa mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake kumwita Jiwe. Alijua fika watoto wanavyomtenda kiziwi. Basi akaliziba kwa pamba, akajikausha.

Mwenye sikio moja husikia sauti, lakini hajui inatoka wapi. Kila kitu humlilia upande wa sikio zima. Wegesa hakulijua hilo. Aliona tu kwamba siku hizi dunia yote imehamia kushoto.

Ijumaa moja, mwezi mmoja baada ya Pasaka, Edwin wa Bunda alileta gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini hata likapiga tumbo kwenye kila tuta.

"Nikikata kona linalia ka-ka-ka-ka," alisema. "Fundi, kesho naoa Butiama. Usiniaibishe."

"Hiyo ni sivijointi imekwisha," Mseti alijibu.

Sivijointi ni kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, hata gurudumu linapopinda kona. Kikilika hugonga. Ukikipuuza hukatika, na hapo gari haliendi hata injini ingurume vipi. Kwa kawaida mpira unaokifunika huchanika kwanza, mchanga ukaingia, na fundi akaona kwa macho. Lakini mipira ya gari hili ilikuwa mipya, kulia na kushoto. Ilibaki kusikiliza.

Mseti akaanza kuzunguka na gari. Wegesa alitembea pembeni pamoja na Mzee Yakobo wa Iringo, fundi aliyemfundisha Mseti mwenyewe kushika spana. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini akili yake ilikuwa imetulia.

"Kushoto," Wegesa alisema.

"Linalia likikata kushoto, mjukuu wangu," Yakobo alisema taratibu. "Kwenye kona mzigo unaendaga gurudumu la nje. Mimi naona ni ya kulia. Sikiliza tena."

Asikilize tena, yeye, Sikio! Wegesa alimwacha mzee hapo hapo, akakimbilia dirishani kwa baba yake. "Ni kushoto, Baba. Na Babu Yakobo anasema hivyo hivyo."

Mseti akaagiza ya kushoto ifunguliwe. Yakobo alisita, lakini mtoto yule hakuwahi kukosea, na mzee akaanza kuyashuku masikio yake mwenyewe. Alifungua nati ya gurudumu, akachomoa shafti, akagonga kiungo kwa nyundo hadi kikatoka, akafunga kipya kilichojaa grisi. Edwin alikuwa akipiga honi kwa haraka ya harusi, hivyo hakuna aliyelizungusha gari kulijaribu. Lilitoka limenyooka, na kwenye njia iliyonyooka sivijointi mbovu hailii.

Kesho yake, kwenye kona karibu na Kiabakari, ya kulia ilikatika. Bwana harusi alifika kanisani Butiama juu ya bodaboda, amechelewa kwa saa mbili, suti imejaa vumbi. Bibi harusi alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, akidhani ameachwa.

Jumatatu gari lilirudi Mukendo likivutwa kwa kamba. Edwin alimtukana Mseti mbele ya wateja wote, na Mseti alikuwa mtu asiyeweza kubeba aibu yake mwenyewe.

"Nani alisema kushoto?" alifoka.

Macho yote yalimgeukia Wegesa. "Ni Babu Yakobo," alisema. "Mimi nilisikia kulia, yeye akaniambia nikwambie kushoto."

Mzee alimtazama. "Wegesa," alisema.

"Mzee, umekwisha!" Mseti alimkatiza. "Mikono inatetemeka, sasa na kulia na kushoto hujui! Toka!" Akaunyakua mfuko wa vifaa vya mzee, akautupa barabarani. Spana zikatawanyika. Yakobo aliinama kuziokota moja moja kwa mikono yake inayotetemeka, na watu wakacheka.

"Fundi Kushoto!" mpiga debe mmoja aliita. "Nyingine hiyo, kushoto kwako!"

Jina likanata. Kabla wiki haijaisha, watoto walikuwa wakimfuata mzee hadi Iringo wakiimba, "Fundi Kushoto, kulia hakujui!" Kila gereji aliyobisha hodi walimuuliza kama ndiye yeye, wakacheka, wakamwambia hakuna kazi. Shuleni nako waliimba wakati wa mapumziko. Wegesa aliimba nao, tena kwa sauti kubwa, ili asishukiwe.

Wiki ya tatu alishikwa na homa kali, na nyuma ya sikio pakavimba. Mseti alimbeba mgongoni hadi hospitali. Daktari Consolata alichomoa pamba iliyooza, harufu ikajaa chumba.

"Sikio hili limeacha kusikia tangu lini?"

"Tangu Pasaka," Wegesa alinong'ona.

Mseti alihesabu wiki kwa vidole. "Basi gari la Edwin ulilisikiliza na nini?" aliuliza. "Wegesa, nani alisema kushoto?"

Angeweza kudanganya tena. Lakini alikuwa amechoka kuimba wimbo ule. "Mimi, Baba. Babu alisema kulia. Nilimsingizia."

Mseti hakumpiga. Alikaa kwenye benchi, akafunika uso. "Na mimi mzee yule sikumuuliza hata neno moja," alisema.

Dawa zilikausha usaha na uvimbe ukashuka, lakini kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Daktari alisema wazi kwamba usikivu wa upande ule hautarudi wote.

Alipopata nafuu walikwenda Iringo. Walimkuta Yakobo akipasua kokoto za kuuza, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu, maana nyundo na mikono inayotetemeka havipatani. Wegesa alipiga magoti, akasema yote.

"Nimekusamehe," mzee alisema bila kutabasamu. "Ila uliniharibia mbele ya watu, unakuja kunitengenezea hapa, mbele ya kuku? Kayaseme palepale."

Jumamosi, gereji ikiwa imejaa, Wegesa alisimama akasema kwamba alikuwa hasikii, kwamba alidanganya, na kwamba Mzee Yakobo ndiye aliyekuwa sahihi. "Kumbe Sikio ni kiziwi!" mpiga debe alidakia, na watu wakaangua kicheko. Wegesa alilia, lakini alimaliza. Kisha Mseti naye akaomba radhi mbele yao, akamkabidhi mzee funguo za stoo ya vifaa.

Mchana huo mtoto mdogo alipita ametumwa chumvi. Alisimama kwa adabu zote. "Shikamoo, Fundi Kushoto."

"Marahaba, mwanangu," Yakobo alijibu. Alimsubiri apite, ndipo akamgeukia Wegesa.

"Umemsikia? Yule hana kosa, anadhani ndilo jina langu. Sasa nisikilize, kwa hilo sikio lililobaki. Ugonjwa ukisemwa siku ya kwanza, matone ya dawa yanatosha. Uongo nao ukiungamwa siku ya kwanza, unafutika. Wewe vyote viwili ulivificha mpaka vikaoza. Ukweli wako umenirudishia kazi, na nashukuru. Jina langu haujanirudishia. Hata siku ya kunizika wataniita hivyo."

Wegesa alichukua tambara, akaanza kupangusa spana za mzee.