Ufunguo Uliokwenda Mazikoni

Machano hakuwa na nywele, na wateja wake walimcheka kila siku kwa kuwa kinyozi mwenye kipara. Hakuwa na vespa wala baiskeli. Hakuwa na duka. Alikuwa na kiti, kioo na baraza ya kuazima katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe. Hakuwa na cheti cha skuli, wala jamaa ofisini wa kumsemea. Subira pia hakupewa nyingi. Lakini Jumatano ile ya masika, katika vyote alivyovikosa, kimoja tu kilimuuma. Hakuwa na ufunguo wa mlango wa skuli ya binti yake.

Asubuhi alitoka nyumbani Kikwajuni na binti yake Badria, kama kawaida. Mtoto alikuwa darasa la nne. Mlangoni walimkuta jirani yao Yusra, askari wa zimamoto, anafunga kamba za viatu vyake vizito.

"Shikamoo, Bi Yusra," alisema Badria.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu mkuu wenu hajanijibu bado. Nataka kuja kuwafundisha namna ya kutoka moto ukizuka."

"Atakujibu," alisema Machano. "Maalim Nadir hana haraka. Hata kunyolewa huja nusu mwaka mara moja."

Wakacheka, wakaagana.

Skuli ilikuwa nyumba kongwe ya mawe na chokaa, ya ghorofa mbili. Ngazi ilikuwa moja, ya mbao. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa wa mbao za msaji, mzito, wenye misumari ya shaba. Watalii walipenda sana kuupiga picha. Kila masomo yakianza, mlango ule ulifungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli, maana wavulana walizoea kutoroka kwenda kujirusha baharini Forodhani. Mlinzi, Mzee Bakar, alikaa barazani na ufunguo wake.

Siku hiyo mtu mzima wa mtaa alikuwa amefariki. Saa nne jeneza likapita. Mjini hapa jeneza likipita, mwanamme hakai. Ataacha kahawa yake, ataacha bao lake, atakwenda kutia bega. Maalim Nadir alitoka, na walimu wanaume wakamfuata. Mzee Bakar alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni mwa kanzu, akaenda. Hakudhani anakosea. Alidhani ndiyo kulinda kwenyewe.

Machano hakwenda, kwa sababu Haitham, mpiga rangi wa nyumba, alikuwa kitini, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu.

"Fanya upesi nasi tuwahi," alisema Haitham.

"Nikifanya upesi tutakuzika wewe."

Hapo wakasikia kelele. Mwanzo walidhani ni watoto wa mapumziko. Kisha Machano akanusa. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua.

Alikimbia na wembe mkononi. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka dirisha la chini, la chumba kilicho chini ya ngazi, ambamo walitia madawati mabovu na makaratasi ya zamani. Waya wa umeme ulikuwa umeshika moto humo ndani. Vidole vya watoto vilikuwa vimeshika nondo za madirisha ya juu.

Mwalimu Nusrat alikuwa nyuma ya mlango, anakohoa.

"Fungueni," alisema. "Kuna mtu hapo? Fungueni."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao Bakar."

"Na Bakar yuko wapi?"

"Mazikoni."

Machano alipiga mlango kwa bega. Mlango ule ulitengenezwa na watu waliotaka usivunjike, na haukuvunjika. Haitham, na povu lake usoni, alikwenda kwa fundi baiskeli akarudi na mtaimbo. Waliupitisha kwenye mnyororo wakavuta wote wawili, wakavuta tena, mpaka kufuli likakatika.

Watoto wakatoka wote kwa pamoja. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko moshi. Ngazini walisukumana, wakaangushana, wakakanyagana. Waliofika nje hawakusimama. Huyu alikimbilia kwao, huyu kwa bibi yake, huyu alivutwa na khalati yake, dada wa mama yake. Zimamoto walipofika na kuuzima moto, Yusra aliuliza swali moja tu.

"Wote wametoka?"

Mwalimu Nusrat alitazama uchochoro. Daftari la mahudhurio lilikuwa ofisini, ndani ya moshi.

"Sijui," alisema.

Machano alisikia neno hilo, akaanza kumtafuta mwanawe kwa macho. Badria hakuwemo uchochoroni. Yusra na wenzake waliingia ndani, wakapita chumba kwa chumba, wakatoka mikono mitupu. Machano alikimbia Kikwajuni. Mkewe, Bi Kidawa, alikuwa anafua.

"Badria karudi?"

"Arudi saa hizi ana nini?"

Hakumjibu. Alirudi mbio skuli, akaenda Forodhani, akarudi tena, anaita jina la mwanawe kama mnadi. Adhuhuri ilipita. Alasiri ilikaribia. Ndipo kijana mmoja wa hoteli akamwambia kwamba alimpakia kwenye vespa mtoto aliyevunjika mkono, akampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja. Hakujua wa kumwambia. Hakuna aliyekuwa akiandika.

Badria alikuwa kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa. Hakulia alipomwona baba yake. Alisema, "Nimeita sana, baba. Mlango haukufunguka."



Ijumaa jioni wazazi walikutana uani mwa skuli, kuta bado zinanuka masizi. Maalim Nadir alisimama. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuomba dua.

"Wazazi wangu, ajali haina kinga. Tumshukuru Mungu hakuna aliyefariki."

Machano aliinuka. "Mungu nnamshukuru. Wewe sikushukuru."

"Machano, taratibu, yakhe."

"Taratibu nimeiacha hospitali. Mwanangu alikuwa ndani, ufunguo uko mfukoni mwa mtu, mtu yuko makaburini. Hata mbuzi wangu siwafungii hivyo."

Maalim Nadir naye alikasirika. "Na nani aliyetaka kufuli? Si nyinyi? Si mlinyoosha mikono humu humu, mkasema watoto wanatoroka kwenda baharini? Nawe ulinyoosha."

Ilikuwa kweli. Lakini Machano hakukaa.

"Nilinyoosha," alisema. "Nilitaka wasitoroke. Sikuuliza watatokaje. Wewe ndiye mwalimu, ungeniuliza. Sote tuliona mlango, hakuna aliyeona moto."

Mzee Bakar aliinama, machozi yanamtoka. Mama mmoja akaanza kupiga kelele kwamba afukuzwe. Ndipo Yusra akaomba kusema.

"Mkimfukuza Bakar, kesho mtamweka mwengine, na yeye atatia ufunguo mfukoni. Kasirikeni, mna haki. Lakini kasirikieni kitu kinachorekebishika."

"Kipi hicho?" aliuliza Machano.

"Mlango kwanza. Mlango wa skuli watoto wakiwa ndani haufungwi kwa nje. Utiwe komeo kwa ndani, ambalo mkubwa yeyote aliye ndani analivuta bila ufunguo. Bakar akae palepale, azuie watoro kwa macho yake."

"Na jeneza likipita?" aliuliza Bakar kwa sauti ndogo. "Nikae tu, watu wanikashifu?"

Imamu wa msikiti wa mtaa alikuwa miongoni mwa wazazi. Alimjibu mwenyewe. "Maziko ni faradhi kifaya, Bakar. Wakienda wa kutosha, wewe huna dhambi. Lakini watoto hawa wewe ndiye uliyeachiwa. Anayekukashifu, mlete kwangu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu Nusrat akauliza, "Sasa moshi ukiwa ngazini, mimi niko juu na watoto, nifanye nini? Juzi sikujua nishuke au nibaki."

"Ndiyo maana watu hufanya mazoezi," alisema Yusra. "Moshi ukiwa mwepesi mnashuka, mstari mmoja, mmeinama, mkono mmoja ukutani, hakuna kurudi kuchukua mkoba. Ngazi ikiwa haipitiki, fungeni mlango wa darasa, zibeni upenyo wa chini kwa nguo, nendeni dirishani muite. Na mtu mmoja awe na kazi ya kutupigia simu, ajulikane leo, siyo siku hiyo."

"Na tukishatoka?"

"Mna pahala pa kukutana. Pawe palepale kila siku, pa wazi, mbali na kuta. Daftari la mahudhurio atoke nalo mwalimu, likae karibu na mlango wa darasa. Anahesabu. Mtoto haondoki mpaka ahesabiwe, hata akija mama yake. Anayekwenda hospitali anaandikwa jina, na amekwenda na nani."

Machano alikuwa anatazama mkono wa binti yake uliofungwa. "Maalim," alimwambia Nadir, "bibi huyu alikuomba kuja kabla ya moto. Ulimjibu nini?"

Maalim Nadir alitazama kuta zenye masizi. "Sikumjibu. Nilingoja mitihani ipite."

"Haya, mtihani umeshakuja," alisema Machano. "Tumefeli."

Maalim hakukanusha. Wiki iliyofuata alimwita Yusra mwenyewe.

Chumba cha chini ya ngazi kilisafishwa, waya zikabadilishwa na fundi wa umeme, ukatundikwa mtungi wa kuzimia moto. Kisha wakafanya zoezi la kwanza, nalo lilikuwa aibu. Wavulana walicheka wakarudi kuchukua mikoba. Mwalimu mmoja alisahau daftari. Maalim Nadir alishuka wa mwisho ameshika chupa yake ya chai.

"Chai imeokoka," alisema Machano kutoka uchochoroni. "Watoto je?"

Badria hakutaka kupanda ghorofani tena. Alikaa chini ya ngazi, analia bila sauti. Yusra hakumlazimisha. Alimpa kazi ya kulivuta komeo zoezi likianza, mbele ya Bakar. Alilivuta mara nyingi sana, akaona kila mara mlango unafunguka. Siku moja akapanda mwenyewe.

Mvua za vuli zilikuja kali. Asubuhi moja ukuta wa nyumba tupu iliyopakana na skuli uliporomoka, mawe na udongo vikamwagika mpaka dirishani. Mshindo ulisikika mbali. Machano aliacha kichwa cha mtu nusu, akakimbia. Njiani alijiambia kwamba safari hii atavunja mtu, siyo kufuli.

Mlango wa skuli alikuta uko wazi, ndani hamna mtu. Alikwenda mbio mpaka uwanja mdogo ulio mwisho wa mtaa. Watoto walikuwa wamekaa kwa mistari, darasa kwa darasa, wameloa chapachapa. Alimwona Badria, akamshika mkono amchukue.

"Baba, usinivute," alisema Badria. "Hatujahesabiwa."

Machano aliuachia mkono.

Mwalimu Nusrat alimaliza kuita majina. "Salhiya hayupo," alisema. Maalim Nadir aliuliza nani alimwona mwisho. Mtoto mmoja akasema alikwenda chooni. Bakar alikwenda upande ule ambao haukuguswa, akarudi na Salhiya mgongoni, mtoto analia, lakini mzima. Jina lake likatiwa alama. Hapo ndipo Machano alipokaa chini kwenye tope, na hakuona haya.

Lakini hasira zake hazikwisha. Ngazi bado ilikuwa moja. Skuli ilikwishaiomba ofisi ya elimu ngazi ya pili mara kadhaa, na jibu lilikuwa kwamba jambo linashughulikiwa. Jioni hiyo Machano alichukua karatasi. Aliandika polepole, maana hakuwa mwepesi wa kalamu, na Bi Kidawa alimmulikia kwa simu kwa kuwa umeme ulikatika.

Aliandika: "Siku ya moto, mwanangu alivunjika mkono kwenye ngazi moja tuliyo nayo. Siku ya ukuta, watoto wote walitoka salama kwa sababu walifundishwa. Mafunzo tumeyafanya sisi. Ngazi ni kazi yenu. Njooni mpande hii moja pamoja na watoto wote, halafu mtuambie tusubiri mpaka lini."

"Umeandika kwa hasira, baba?" aliuliza Badria.

"Nimeandika kwa adabu. Hasira nimezitia kwenye sahihi."

Chini ya sahihi yake ilikuwepo nafasi, na asubuhi Maalim Nadir akatia yake, na Mwalimu Nusrat, na Bakar. Badria alipaka gundi kwenye bahasha, akaikandamiza kwa mkono ule uliovunjika, ambao sasa ulikuwa umeunga. Machano aliandika juu ya bahasha jina la afisa wa elimu mwenyewe, siyo la ofisi tu. Akavaa kofia yake juu ya kipara, akaipeleka posta kwa miguu, akaituma kwa rejista.