Akaunti ya Marehemu

Kipimo kiliingia kwenye kompyuta wakati wa chakula cha mchana: presha ya kisima cha kaskazini iko salama. Aliyekiweka ni mpimaji aliyezikwa mwezi uliopita, baada ya kisima hichohicho kumuunguza.

Mjane wake ndiye aliyetunza vipimo vilivyotumiwa na idara zote za kampuni ya mafuta. Kazi yake mojawapo ilikuwa kufunga akaunti ya kila anayeondoka. Ya mumewe hakuwa na moyo wa kuifunga. Kila asubuhi aliifungua, akalitazama jina, akaendelea na kazi.

Alimpigia mpimaji wa zamu.

"Presha inapanda, dada. Nani kasema salama?"

Alikifuta kipimo. Kikarudi. Jioni wachimbaji wangekwenda kukifungua kisima kwa kukiamini.

Akamwita shangazi wa mumewe, mganga wa majini. Shangazi alisimama mlangoni, akanusa. Ofisi ilinuka nywele zilizoungua.

"Huyu si mwanetu," alinong'ona. "Jini limekuta nafasi ya marehemu wazi, likaingia. Funga."

"Nikifunga, Shangazi, nabaki na nini?"

"Na wake wa hao wachimbaji watabaki na nini?"

Mjane akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kufunga. Hapo simu ya mezani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikatoa sauti ya mumewe, ileile yenye kicheko cha puani, iliyomtania miaka yote kwa maneno yake mengi: "Kasuku wangu, usinifungie nje, nje kuna moto na mimi nimeshaungua mara moja, niachie hata upenyo tu nikuone unavyokula, unavyolala, unavyonililia."

Alibonyeza. Jina likafutika. Harufu ikakatika.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa uchimbaji.

"Shemeji, vijana wamefika kisimani. Kipimo tunacho, salama kabisa."

"Nimekifuta!"

"Umekifuta huko kwenye hifadhi ya pamoja. Sisi tuna nakala yetu. Si unajua kila idara inaficha yake?"

Alijua. Aliwakataza mara ngapi, wakamcheka.

"Msifungue! Presha inapanda, muulize mpimaji wa zamu! Warudishe watu!"

Mkuu akapaza sauti kuwarudisha vijana wake. Aliporudi simuni, alinong'ona.

"Shemeji, kuna mtu nyuma yangu, simwoni. Anaita Kasuku. Kasuku ni nani?"

Mjane aliweka simu chini, akajifuta macho. Kila nakala ilikuwa bado na jina lile. Uchimbaji kwanza, halafu jiolojia, matengenezo, usalama. Akatoka na Shangazi kwenda kumfukuza mumewe idara kwa idara, na kila mlango walioukaribia, harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imeshatangulia, na sauti ndani ikisema karibu, mke wangu.