Dawa ya Koo la Mama Apolonia

Siku ya gulio mjini Bariadi watu hupita bega kwa bega, na ndivyo dumu la mawese lilivyomgusa Ng'washi binti Masunga. Gauni lake la kitenge cha njano, alilolishona mwenyewe kwa cherehani yake, likapata doa jekundu ubavuni.

"Kaka, umeniharibia."

"Pole, dada. Ila hiyo rangi imekupenda."

"Imenipenda? Lete sabuni kabla sijakupenda wewe kwa kofi."

Dastan muuza mawese, kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi kama la mwalimu, akacheka. Akaleta kipande cha sabuni na maji, akasugua. Doa halikutoka. Kesho yake alifika kwenye kibaraza cha ushonaji na kitenge kipya. Keshokutwa yake alifika mikono mitupu, akakaa tu. Msimu wa pamba ulipoingia, simu ya Ng'washi ilikuwa haipoi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au umeshiba harufu ya mafuta?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe. Nenda kale."

Jioni moja Dastan akamweleza la moyoni. Kwa ajili ya mawese watu walimdhani Muha wa Kigoma, naye hakuwa akiwasahihisha. Lakini wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili wakikimbia mauaji, wakapewa ardhi Mishamo, upande wa Mpanda. Yeye alizaliwa humo makazini, akakua akiitwa mkimbizi katika nchi pekee aliyoijua. Kutoka nje ya makazi kulitaka kibali. Dada wa mama yake alifia makazi mengine, huko Tabora, akazikwa mama bado anasubiri kibali. Baadaye serikali ikawafungulia mlango watu wa sabini na mbili, wakaomba uraia, wakapewa.

"Siku ile mama aliimba mpaka majirani wakaja," Dastan alisema. "Mweleze baba yako, Ng'washi. Sitaki kuoa nikiwa nimejificha."

"Niachie mimi. Baba anataka kuendewa taratibu."

Hakumwendea. Kila alipotaka kufungua mdomo, alikumbuka jinsi nyumbani kwao walivyolitamka neno mkimbizi, kama wanataja upele. Akamwambia baba kwamba mchumba ni Muha. Akamwambia Dastan kwamba baba ameelewa.

Siku ya kupatana ng'ombe wa mahari ikafika. Kwa desturi, mwoaji mwenyewe haendi. Alikwenda mshenga Jilala, rafiki yake wa sokoni, pamoja na mama mzazi wa Dastan, Mama Apolonia, aliyekuja kwa basi toka Mishamo, kajifunga vitenge viwili vya sare. Ng'washi akawawahi njiani, kwenye kona ya kuingia kwao Kasoli, akamvuta mama pembeni.

"Mama, baba bado hajajua. Wakikuuliza kwenu, sema Kasulu, Kigoma."

Mama Apolonia akakaza kitenge chake kiunoni. "Uongo siuwezi, mwanangu. Kunyamaza nitaweza."

Basi Ng'washi akatangulia nyumbani akasema mgeni amekauka sauti kwa vumbi la safari. Jilala alishangaa, maana njia nzima walikuwa wakiongea, lakini mshenga hagombani na upande wa binti. Akanyamaza naye.

Mgeni akasalimiwa, akaitikia kwa kichwa. Mzee Masunga, baba yake Ng'washi, akauliza ukoo wake, mgeni akainamisha kichwa. Ndipo shangazi Esteria, mwenye huruma nyingi, akaingia jikoni akachemsha mizizi na majani ya mwarobaini, akatoka na kibuyu kinachofuka moshi.

"Kunywa, mayu, mama yetu. Usibakize. Sauti itarudi."

Mama Apolonia akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa. Machozi yalimtoka kwa uchungu wa ile dawa, akafuta kwa ncha ya kitenge, akanywa tena mpaka chini. Wanawake wakampongeza. Ng'washi alikuwa amesimama na sahani za wali mlangoni, uso unamwaka, na hakupata mahali pa kuyaweka macho yake.

Idadi ya ng'ombe ikapatanwa, watu wakapiga vigelegele. Kabla jua halijazama, simu ya Ng'washi ikaita.

"Jilala amenieleza, mama naye amesema yote," Dastan alisema.

"Mpenzi, sikiliza kwanza."

"Zamani mama yangu aliomba kibali cha kutoka. Leo amehitaji kibali chako cha kusema. Kesho asubuhi namsindikiza stendi. Hizo ng'ombe waambie wazisahau."

Simu ikakatika. Ng'washi akaenda moja kwa moja zizini alikokuwa baba yake, akapiga magoti kwenye samadi, akaeleza yote.

Mzee Masunga hakupandisha sauti. "Kwa hiyo nimemnywesha dawa mtu mzima asiyeumwa. Kwangu. Mgeni wangu."

"Niliogopa utakataa, baba."

"Pengine ningekataa, sijui. Baba yangu naye alihamia hapa toka Nassa akifuata majani ya mifugo, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Lakini ungeniacha nikatae mwenyewe. Sasa umekataa wewe, kwa mdomo wangu."

Asubuhi walikwenda stendi wote wawili. Mama Apolonia alikuwa ameketi juu ya mfuko wake. Dastan, aliyesimama kando na begi la mama begani, akageuza uso alipowaona. Ng'washi akapiga magoti mbele za watu wa mabasi.

"Mama, nilikuonea aibu, na aibu ilikuwa yangu. Nisamehe."

"Inuka, utachafua nguo."

"Mwangaluka, mayu," Mzee Masunga alisalimu, kofia mkononi. "Jana nilikuuliza kwenu ni wapi, sikupata jibu. Nimekuja kuuliza tena."

Mama Apolonia akasogea, akampa nafasi juu ya mfuko.

"Kwetu ni Mishamo," alisema. "Kabla ya hapo palikuwa ng'ambo ya mto, palipochomwa. Kaa, baba. Ni habari ndefu."

Akaanza kueleza. Basi la Mpanda likapiga honi, likaondoka bila mama. Ng'washi akamsogelea Dastan, asithubutu kumgusa.

"Bado nimekasirika," Dastan alisema, akimtazama mama yake.

"Kasirika. Ila kasirikia hapa."

Dastan akashusha begi la mama begani, akaliweka chini.