Rangi ya Kucha Kwenye Bastola ya Mke Wangu

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Asubuhi.

"Generosa, piga! Piga tena!"

Mke wangu akavuta traiga...

Kimya.

Akavuta kwa mikono miwili. Ile ngoma ya risasi imekwama, haizunguki! Na kiboko anakuja, mdomo wazi...

Jamani, mimi nilikuwa nyuma yake na madumu mawili ya maji. Nikamrushia kiboko yote mawili. Hata hakugeuka.

Alichomfanya sikiandiki. Jueni tu kwamba jeneza halikufunguliwa.

Ndipo nikasikia pa! pa! pa! Meneja wetu Bartolomeo, juu ya gari, na bastola yake ya zamani. Kiboko akarudi mtoni.

Yake ilipiga. Ya mke wangu ikagoma. Kwa nini? Tulieni niwaambie.

Ni kambi ya uwindaji, huku kwetu Katavi. Mimi Faustini nilikuwa mchota maji, Generosa askari wa kutulinda. Kiangazi mto ukikauka viboko wanabanana kwenye madimbwi, na hapo hawataki kuona mtu.

Askari walikuwa na bastola za magnamu, zile za risasi kali na ngoma ya kuzunguka, chuma kitupu. Nzito hizo! Zimepiga risasi miaka na miaka, hakuna iliyolegea.

Bartolomeo akazikusanya zote. Akaleta mpya, bodi ya aluminiamu, nyepesi kama simu.

"Chukueni za kisasa. Nyie mmezoea mizigo ya punda!"

"Na wewe shemeji, mbona umebaki na ya zamani?" Generosa akamuuliza. Alimwita shemeji kwa sababu ndiye aliyesimamia ndoa yetu kanisani.

"Mimi ni bosi, mama. Bosi habadilishiwi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Bastola zimekuwa nyepesi, lakini risasi ni zile zile kali! Na mazoezi kila wiki. Msimu wa kwanza freshi. Msimu wa pili ngoma ikaanza kuchezacheza. Halafu Generosa akaona ufa chini ya mtutu, mwembamba kama unywele.

Akachukua rangi ya kucha ya binti yetu Edina, nyekundu, akaupaka ule ufa ili bosi asije kusema hauoni.

"Shemeji, tazama. Imepasuka."

"Huo mkwaruzo."

"Mkwaruzo gani unaingia mpaka ndani?"

"Generosa, kama unaogopa kazi, rudi Mpanda ukakaange maandazi."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ndiyo hiyo niliyowaambia.

Msibani, kule Kawajense mjini Mpanda, Bartolomeo alilia kunizidi mimi! Kisha akawaambia wakubwa wa kampuni, macho makavu:

"Bastola ilikuwa nzima. Marehemu alipaniki. Imezama mtoni."

Mimi siku ile nilikuwa nimemkumbatia mke wangu, sikuona nani kaokota nini. Wakubwa wakakubali hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyefika mtoni! Nilipopiga kelele, wakasema mfiwa kachanganyikiwa. Na kazi nikafukuzwa.

Sasa mwezi uliopita...

"Baba, baba mdogo Bartolomeo kanipa nafasi ya mama!"

"Edina, huendi."

"Tukae tu hapa tunaangaliana?"

Akaenda.

Wiki mbili baadaye gari la kambi likaja Shanwe, hapa mtaani kwetu Mpanda, kuchukua vyakula. Edina akapita nyumbani kunisalimia. Gwanda jipya, bastola kiunoni.

"Iweke mezani."

"Baba, hairuhusiwi."

"Edina. Iweke."

Nyepesi. Nikaigeuza. Chini ya mtutu kuna rangi nyeusi, inanuka upya. Nikaikwangua kwa ukucha.

Nyeusi ikabanduka...

Nyekundu!

Edina akainama, akashika mdomo.

"Baba... hii si rangi yangu?"

Nikaibeba mpaka polisi, nakimbia. Nilijua leo Bartolomeo kaisha.

Mnajua aliyelala ndani ni nani?

Mimi!

Nawaonyesha ile nyekundu, wao wananiuliza: "Mzee, una kibali cha kumiliki silaha?"

Bartolomeo akaja na gari, akarudishiwa mali ya kambi huku wanacheka naye. Kabla ya kuondoka akanisogelea pale kwenye nondo, na ile ya chuma iko kiunoni kwake.

"Pole, kaka. Uchungu wa mke ni mbaya sana."

Edina hakurudi kambini. Bastola ilirudi. Saa hii mnaposoma hapa imening'inia kiunoni kwa mtoto wa mtu mwingine, na mto unakauka.

Ndugu zangu, somo langu ni hili. Mkubwa akikugawia silaha, usiangalie anayokupa. Angalia aliyoivaa yeye.

Na nyie wakubwa mliotuambia msibani kwamba ile bastola imezama, nawauliza hapa mbele za watu, maana ofisini mmenifukuza:

Huko mtoni, nani aliipaka nyeusi?