Fidelia Akataa Kuitwa Mjinga

Kila asubuhi Fidelia alikoroga uji, akawaachia mumewe Efraimu na mtoto wao Enoki, akajitwika kikapu mgongoni na kutoka. Alikuwa mchuma chai katika shamba moja huko Lupembe, upande wa Njombe. Enzi hizo Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika. Efraimu alikuwa amevunjika mguu akipasua mbao, kwa hiyo nyumba yote ilitegemea mikono ya mkewe.

Nyapara wao, Laurenti, alipita kati ya michai akifoka. Fidelia alipokuwa mgeni wa kazi, alichuma majani magumu yasiyofaa. Tangu siku hiyo Laurenti hakumwita kwa jina.

"Wewe mjinga! Haraka!"

Kila aliposikia sauti ile, Fidelia alinyakua majani ovyo. Laurenti alikimwaga kikapu chake, naye akaanza upya. Jioni alirudi na hasira, akamgombeza Efraimu kwa sababu ya kuni tu.

"Mama Enoki, nimekukosea nini?" Efraimu aliuliza.

"Usiniulize. Mimi ni mjinga."

"Nani kasema?"

"Nasema mwenyewe!"

Efraimu alishtuka. Jumapili, baada ya ibada, alimweleza jirani yao Dorika, muuguzi wa zahanati ya misheni. Dorika akaja, akaketi jikoni karibu na moto.

"Kamwene, Mama Enoki," alimsalimia Kibena.

"Kamwene, dada."

"Hebu niambie. Laurenti akikukaribia, mwili wako unakuwaje?"

Fidelia hakuwahi kujiuliza hivyo. Akafikiri.

"Moyo unakwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi. Sioni tena jani laini ni lipi."

"Na asipokuwepo?"

"Nachuma vizuri."

"Basi huo si ujinga. Ni hofu. Mtu mwenye hofu, mikono yake hutangulia macho. Ukiisikia inakuja, simama kidogo. Vuta pumzi. Tazama jani, ndipo uchume."

"Lakini ataendelea kunitukana."

"Jani baya ni kosa lako, lirekebishe. Tusi ni lake. Usilibebe mpaka nyumbani."

Fidelia akainua uso. "Kwa nini nilibebe hata hatua moja? Nitamwachia palepale."

"Anaweza kukufukuza."

"Najua."

Kesho yake ile sauti ikaja tena nyuma yake. Moyo ukaanza mbio. "Hofu, nimekutambua," alijisemea. Akasimama, akavuta pumzi, akatazama. Kisha akachuma majani mawili laini na chipukizi, taratibu, mpaka kikapu kikajaa.

Kwenye mzani, Laurenti alikimwaga chini bila kukitazama.

"Takataka za mjinga!"

"Naitwa Fidelia," alisema. "Nionyeshe jani baya."

Laurenti akapekua, akapata moja. "Hili!"

"Kweli, hilo ni kosa langu." Fidelia akalitupa. "Haya, nionyeshe jingine."

Alipekua tena. Hakupata.

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Lakini umweleze mwenye shamba nimefukuzwa kwa jani lipi. Na haya uliyoyamwaga, yarudishe kikapuni."

Paskalina, mchumaji mwenzake aliyesimama nyuma yake, akaweka kikapu chake chini. Mwingine akaweka. Mwisho wote wakaweka, wakakunja mikono. Lori la kubeba chai, lililokuwa likingoja mzigo, likapiga honi. Laurenti akalitazama lori, akawatazama wanawake. Kisha akainama, akaanza kuokota.

Fidelia hakufukuzwa. Baridi ilikuwa ileile, na mgongo ulimuuma vilevile. Lakini majani yake hayakumwagwa tena, na jioni aliweza kuketi na Efraimu wakacheka.

Siku moja Laurenti alijisahau, akamfokea mchumaji mgeni.

"Wewe mji..."

Wanawake wote wakaacha kuchuma. Wakageuza shingo, wakamtazama.

Laurenti akamgeukia yule mgeni.

"Unaitwa nani, mama?" akauliza.