Unga wa Mlonge Ulioshikamana

Kuku wote wa Kalista walikutwa wamekufa Jumanne asubuhi, saa mbili hivi, wakiwa wamezunguka kihori cha chakula kwenye uwanja wake pale Liuli. Hapakuwa na jeraha wala manyoya yaliyonyofoka. Vilemba vilikuwa vyekundu kuliko vya kuku aliye hai, na hilo lilimfanya bwana mifugo Bernadi avue kofia na kuinama awatazame kwa karibu.

Watu walishapata mwuaji wao. Walimshika Ladislaus, mvuvi mwenye mdomo mchafu, wakimsukuma huku na huku.

"Jumamosi ulisema nini?" Bernadi alimwuliza.

"Nilisema nitawamaliza. Wanakula dagaa wangu, usipa ninaouanika kichanjani, nisiseme? Ila usiku kucha nilikuwa ziwani, ndiyo kwanza tumefika. Waulize hawa."

Wenzake, nguo bado zikiwachuruzika maji, waliitikia. Watu wakamwachia shingo upande. Walishajiandaa kumpa kipigo.

Bernadi akamgeukia Kalista. "Mama Aidan, umewalisha nini?"

"Pumba, usipa kidogo na unga wa majani ya mlonge. Tangu nianze kuwapa mlonge hawaugui ovyo, wanataga vizuri, na kiini cha yai ni njano kweli kweli. Mama ntilie wote wanakuja kwangu."

"Majani unaanika wapi?"

"Kivulini, mpaka yakauke kabisa. Unga wake ukiushika unamwagika wenyewe vidoleni."

Bernadi alichota konzi moja kutoka kwenye debe, akafungua vidole. Unga haukumwagika. Ulibaki kiganjani umeshikamana, una unyevu. Akaunusa.

"Humu kuna majani mabichi ya muhogo mchungu," alisema. "Mengi. Sumu yake ndiyo iliyofanya vilemba viwe vyekundu vile. Unga huu unautumia kwa kitu kingine?"

"Naweka kijiko kimoja kwenye uji wa Aidan. Kila asubuhi."

Bernadi alilivuta debe kwake. "Na leo?"

"Leo hakunywa. Yuko shuleni, mzima."

Bernadi alishusha pumzi, lakini debe hakuliachia. Aliyefanya hivi asipojulikana, kesho ataweza kutia sumu tena.

"Nani anajua debe linakaa wapi?"

"Mimi na wifi yangu Theresia. Ndiye aliyenifundisha mambo ya mlonge. Hata mbegu alileta yeye, kutoka Mpepai."

Nyumba ya Theresia ilikuwa upande wa pili wa uwanja huohuo. Bernadi, Kalista akimfuata nyuma, alimkuta amesimama mbele ya banda lake. Ndani, kuku wake walikuwa wakipiga kelele za njaa.

"Dada Theresia, mbona kuku bado ndani?"

"Nilipoona wa wifi wanaanguka nikakimbia kuwafungia. Si ugonjwa wa kideri huo?"

"Kabla ya hapo walikuwa nje?"

"Tangu alfajiri, kama kawaida. Nilifagia, nikawafungulia."

Bernadi akatazama chini. Mbele ya banda mistari ya ufagio ilikuwa mizima, imenyooka. Hapakuwa na alama ya ukucha wa kuku hata mmoja.

"Kuku wako hawajakanyaga hapa leo," alisema taratibu. "Kila siku nikipita nawaona wanawahi kihori cha Kalista kuliko hata kuku wake. Leo uliwazuia kabla hajafa kuku hata mmoja wa Kalista. Ulijua kilichomo."

Theresia aligeuka aingie ndani.

"Unga uleule Kalista humwekea Aidan kwenye uji."

"Uji?" Theresia alimgeukia Kalista. "Uji gani, wifi?" Akakaa palepale juu ya mistari ya ufagio wake. "Haki ya Mungu sikujua! Sikujua mtoto anakula!"

"Kwa nini?" Kalista aliuliza.

"Mbegu nilileta mimi! Kuanika, kutwanga, kuchekecha, vyote nilikufundisha mimi. Sasa Liuli nzima wanasema mlonge wa Kalista. Wageni wanapitishwa mlangoni kwangu waje kwako, hata salamu sipewi. Nilitaka waseme mlonge wako unaua, basi. Kuku tu, wifi. Kuku tu."

Kalista hakuwatazama kuku. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia.

"Leo aliukataa," alisema. "Aliniambia, mama, uji unanuka. Nikadhani ni deko." Akaufumba mkono ule. "Nilimchapa, wifi. Nilimchapa ili aunywe, akakimbilia shule bila hata kuuonja."

Akajifunga khanga kiunoni, akatoka mbio kuelekea shuleni.