Soila na Milio ya Simu

Kila jioni, vipindi vilipokwisha, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Ngarenaro walisogeza madawati ukutani wakaanza mazoezi. Mwalimu Kandida aliwatungia onyesho la Siku ya Wazazi, kuhusu watu waliotekwa na simu. Projekta ilionyesha vidole vikiteleza juu ya vioo vya simu, spika ilimwaga milio ya meseji, na katikati ya kelele hizo Lesian aliongoza wimbo wa Kimaasai, wenzake wakimwitikia kwa mngurumo wa kooni.

Soila ndiye aliyesimamia milio, kwa ruhusa maalumu ya kuja na simu ya mama yake. Lesian akinyoosha shingo mbele, kama waimbaji wafanyavyo kwenye harusi za kwao, Soila alipaswa kuizima milio papo hapo, zibaki sauti za watu tu. Bila hivyo onyesho lote lingekuwa fujo tupu.

Lakini Soila na kutulia walikuwa mbalimbali. Vidole vilimwasha. Milio ikishaanza, alichungulia video moja, kisha nyingine. Lesian akanyoosha shingo, kelele zikaendelea. Akainyoosha tena, jasho likimtoka, waimbaji wakaanza kucheka.

"Soila, vipi tena?" Mwalimu Kandida aliuliza.

"Simu imeganda, mwalimu."

"Kila siku inaganda? Basi kesho milio atashika Gerson. Baba yake atatuazima simu."

Soila alirudi nyumbani, mtaa wa Sakina, roho ikimuuma. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba atafunga genge lake la mboga aende kumwona mwanawe. Sasa angekwenda kumwona Gerson.

Asubuhi alimfuata mwalimu kabla ya paredi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

"Simu haikuganda. Nilikuwa naangalia video." Machozi yalimlengalenga.

Mwalimu alimtazama, kisha akatabasamu. "Kumbe onyesho hili nimekutungia wewe. Haya, jaribu leo. Ukikosea, ni Gerson."

Siku hiyo Soila alizima data, akamkazia macho Lesian mpaka mwisho. Hakukosea.

Siku ya Wazazi ikafika. Lesian alimwona bibi yake mstari wa mbele, akanogewa, akaurefusha wimbo kuliko walivyozoea. Vidole vya Soila vilicheza pembeni ya simu. Alitamani kuangalia chini, hata kidogo tu. Hakuangalia. Shingo ikanyooka, akazima.

Ukumbi ukabaki na ngurumo za kooni tu. Wazazi waliokuwa wakirekodi wakashusha simu zao, mmoja baada ya mwingine, wakasikiliza.

Baadaye Soila alimrudishia mama yake simu, Mwalimu Kandida akiwa kando yao, amekwisha kumsimulia mama yote.

"Leo haikuganda?" mama alitania.

"Simu haikuwa na kosa tangu mwanzo," Mwalimu Kandida alisema. "Macho ni yako, Soila. Wewe ndiye wa kuyaambia yatazame wapi. Na yakikuponyoka, sema ukweli mapema, kama ulivyosema, tukusaidie kuyarudisha."